Uzi: Gari kwa mtoto wa kike, mwanasesere kwa mtoto wa kiume. Kuchagua, kutengeneza na kupanga vya kuchezea (wa Tanga tukutane hapa)

MwalimuWaAwali (mwanzisha uzi)

Wana Tanga salaam. Kila Idi ikikaribia na kila shule zikifunga swali ni lile lile: mtoto wa kiume kamlilia mwanasesere, wa kike kang'ang'ania gari, bibi kanuna, baba hajui aseme nini. Nimeona tuliweke sehemu moja likae. Mafundi mliomo humu njooni muongeze, maana mji huu una mabaki ya mbao na vitambaa ya kutosha kumpa mtoto vitu vya maana bila kuingia dukani.

Ninachoomba tubadilishe ni swali lenyewe. Tukishika kitu cha kuchezea huwa tunauliza, "Hiki cha wa kike au cha wa kiume?" Tuulize, "Hiki kinamfundisha nini?" Matofali ya mbao yanamfundisha kupima kwa jicho, kusawazisha uzito, kujua kwamba nusu mbili ni nzima. Mwanasesere anamfundisha mfuatano: kuogesha, kufuta, kuvalisha, kulisha, kulaza. Anavizoeza vidole kufunga kifungo, na anamtoa mtoto maneno kwa sababu lazima amsemee asiyeweza kusema. Vifuu na vijiko ni kumimina, kugawa na kukadiria. Gari ni kusukuma, kuachia, kutazama limefika wapi na kwa nini limekata kona.

Kwa hiyo ukimnyima msichana matofali umemnyima zoezi. Uwezo wa kuona maumbo kichwani, ule unaotumika kwenye jometri, ramani na ufundi, unafundishika. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walijumlisha tafiti 217 wakakuta mazoezi yanauongeza, kwa wa kike na wa kiume, wakubwa kwa wadogo. Na mvulana asiyepewa nafasi ya kubembeleza na kulisha kwenye mchezo, hayo atayajifunzia wapi? Kesho ni baba wa mtu.

Mpangilio ndio unaoharibu kuliko duka. Ukiweka magari kona moja na wanasesere kona ya pili, umeshachora mpaka. Watoto watagawanyika wenyewe kabla hujafungua mdomo. Changanya. Mwanasesere mmoja na vifuu vitatu viwekwe juu ya mkeka ule ule wa matofali. Hapo nyumba inayojengwa inapata mwenyewe, na mwenyewe anahitaji kitanda, na kitanda kinahitaji vipimo. Anayejenga na anayelea wanakuwa mtu mmoja.

Halafu punguzeni vitu. Toa vinne au vitano kwa wakati, vingine viwe kapuni juu ya kabati, badilisha kila wiki. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2018, wa watoto 36 wa umri wa miezi 18 hadi 30, ulilinganisha vitu 4 na vitu 16: wakipewa vichache walikaa na kila kimoja muda mrefu zaidi na kukichezea kwa namna nyingi zaidi. Vikiwa vingi mtoto anashika kile tu alichokizoea, na alichokizoea ndicho tulichomnunulia kwa jinsia yake.

Muda nao. Dakika kumi hazitoshi, mchezo unakuwa ndio unaanza. Mpe dakika 30 hadi 40 bila kuingilia.

CherehaniNgamiani

Mwalimu umenena. Naingia kwenye mwanasesere wa kitambaa, kwa sababu wa plastiki kiungo kikichomoka hakirudi.

Urefu sentimita 30 unatosha, mkono wa mtoto wa miaka mitatu unamzunguka vizuri. Mwili ni kitambaa cha pamba cha rangi ya ngozi zetu: kahawia, chokoleti, maji ya kunde. Nguo ni mabaki ya kanga, kitenge au shuka la kanzu. Kabla ya kukata, fua kitambaa na ukipige pasi. Cha pamba kikija kufuliwa baada ya kushonwa kinaingia, mshono unakunjana na mwanasesere anapinda shingo.

Chora umbo lote kipande kimoja, kichwa na mwili pamoja. Shingo iwe na upana usiopungua sentimita 5. Hapa ndipo wengi wanakosea: shingo nyembamba haipitishi sufi, kichwa kinalala kifuani siku ya pili. Acha sentimita 1 nje ya mshono, shona kwa hatua ndogo ya milimita 2, na upite mara mbili kwapani na kati ya miguu, ndiko kunakovutwa. Kwenye mikunjo ya shingo na kwapa kata vijimkato vidogo vidogo kuelekea mshono, visifike kwenye uzi, ndipo ukigeuza hakutakuwa na makunyanzi. Acha tundu la sentimita 7 ubavuni la kugeuzia na kujazia.

Kujaza: sufi. Tunayo, na ni laini. Gramu 100 hivi zinatosha. Anza vidoleni na miguuni kwa kijiti cha mviringo, shindilia kidogo kidogo. Ukisukuma bonge kubwa kwa mara moja linabaki jiwe katikati na pembeni hewa. Sufi ikilowa inagandamana, kwa hiyo usiitie moja kwa moja. Itie kwenye mfuko wa ndani wa kitambaa chepesi wenye umbo lile lile, ili ukifua ufue ganda la nje peke yake. Na sufi inashika moto upesi, mwanasesere asilazwe karibu na jiko.

Macho na mdomo ni kudarizi kwa uzi. Vifungo na shanga usoni hapana, kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu kifungo kilichochomoka kinaishia kooni. Nywele ni uzi wa sufu, urefu usizidi sentimita 20 ili usimnyonge. Najua wengi wanapenda katani kwa kuwa mkonge ni wetu, ila singa zake zinachoma na zinakatika katika. Kama lazima, msuke mabutu, ushone kila butu kwa kupita mara tatu, na apewe mkubwa wa miaka minne kwenda juu.

MamaPachaMabawa

Dada cherehani ahsante. Bibi yao hataki kabisa kumwona mjukuu wa kiume na mwanasesere wa gauni. Nikishona wa kanzu na kofia si itapita?

CherehaniNgamiani

Itapita, na ni rahisi. Kanzu ya mwanasesere ni kipande cha sentimita 22 kwa 40 kilichokunjwa katikati, shingo tundu la kichwa, mpasuo wa sentimita 6 mbele wenye kifungo kimoja kikubwa kilichoshonwa kwa uzi mara nne. Kofia ni mduara wa juu na ukanda wa pembeni, huo udarizi kwa rangi moja tu.

MwalimuWaAwali

Mama pacha, shona, lakini usiishie hapo. Mvulana akipewa mwanasesere wa kiume tu tumerudi kulekule: anajifunza kwamba anayestahili kulelewa na yeye ni mwenye kanzu. Mwanasesere mmoja, mavazi matatu: kanzu, gauni, nguo ya kulalia. Kila vazi liwe na kufunga kwa aina yake, moja kifungo, moja zipu, moja kamba fupi. Vidole vinapata mazoezi matatu, na bibi anapata kanzu yake.

Kwa heshima ya bibi, msimjibu mbele ya mtoto. Mkimaliza kula mwambieni: "Bibi, huyu anacheza kulea, kama anavyomwona baba yake akimbeba mdogo wake." Asipomwona baba akibeba, hapo kazi iko kwa baba.

FundiRanda

Matofali niachieni mimi.

Ukubwa mzuri unajulikana tangu zamani. Mwalimu wa Marekani, Caroline Pratt, aliyefungua shule yake New York mwaka 1914, alitengeneza matofali ambayo unene, upana na urefu vinakwenda moja, mbili, nne. Kwa vipimo vyetu ni sentimita 3.5 kwa 7 kwa 14. Uzuri wake ni kwamba matofali mawili yakilazwa ubavu kwa ubavu yanatoa mraba kamili, manne yakipandana yanafikia urefu wa moja lililosimama. Mtoto anagundua hesabu bila kuambiwa.

Kwa mtoto mmoja tengeneza 50: kamili 30, nusu (sentimita 7) 12, ya mara mbili (sentimita 28) 8. Ukijumlisha pamoja na kinacholiwa na msumeno unahitaji kama mita 7 na nusu za ukanda wa 3.5 kwa 7. Mbao ya mbili kwa nne ukiipasua na kuipiga randa inakupa ukanda huo.

Mbao gani? Mtiki wa shamba la Longuza ni imara na haupindi, ila tofali moja linakaribia gramu 220, zito kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu akilidondosha mguuni. Kwa wadogo tumia paini ya Shume, nyepesi zaidi, kisha uilainishe sana maana inatoa vibanzi. Vumbi la mtiki na la mvule linawasha ngozi na kifua: funga pua na mdomo, na futa matofali kwa kitambaa chenye unyevu kabla hayajaingia ndani.

Mbao mbichi ni hasara. Leo mnara unasimama, baada ya mwezi kila tofali limejikunja upande wake na mtoto anadhani hajui kujenga. Pima kwa kugonga: kavu inalia, mbichi inajibu puu.

Usikate kwa kupima kila moja na penseli. Pigilia kizuizi kwenye meza sentimita 14 kutoka msumeno, kila kipande kigonge hapo. Ukikosea milimita moja kwenye kila tofali, mnara wa kumi umekosea sentimita nzima. Kisha msasa namba 80, 120, ya mwisho 220, na kingo zote ziviringwe milimita 2 au 3.

Rangi naomba muiache. Rangi za zamani za makopo yaliyosahaulika stoo zinaweza kuwa na risasi (madini ya ledi), na madini hayo yanaharibu ubongo wa mtoto. Mafuta ya nazi nayo hayakauki, yananata na baada ya muda yanachacha. Chukua nta ya nyuki, isugue kwenye mbao, pitisha kitambaa cha moto, imekwisha. Mbao bila rangi ina faida ya pili ambayo mwalimu ataipenda: hakuna pinki wala buluu ya kugombania.

BandariniChumbageni

Fundi, paleti za bandarini zinafaa?

FundiRanda

Tazama muhuri ubavuni. Ukikuta HT, imepashwa moto kuua wadudu, chukua. Ukikuta MB, imefukizwa methili bromaidi, gesi ya sumu, usimpe mtoto. Isiyo na muhuri, au yenye madoa ya mafuta usiyoyajua, iache ikae. Na ng'oa misumari yote, pitisha sumaku kabla ya randa.

MzeeBarabaraYaKumi

Salaam aleikum wanangu. Nimesoma yote. Nina mawili. La kwanza, wanasesere si sanamu? La pili, mtoto wa kiume akizoea vyombo vya jikoni hatalegea?

MwalimuWaAwali

Shikamoo mzee wangu. Kwenye la kwanza, masheikh wana kauli zao na wewe unazijua kuliko mimi. Hadithi ya Bi Aisha kuchezea wanasesere utotoni iko kwa Bukhari na Muslim, na kutokana nayo wengi waliruhusu vya watoto. Ambaye roho yake haitulii, dada cherehani amshonee uso mtupu, bila macho wala mdomo. Watoto hawasumbuki, wanaujaza wenyewe: leo kacheka, kesho kanuna.

La pili mzee, tutazame mji wetu. Masufuria ya pilau ya harusi, yale ya kukorogwa kwa mwiko mrefu, mara nyingi wanayashika akina nani? Wanaume. Majiko ya mishikaki jioni? Wanaume. Cherehani zilizopangwa barazani Ngamiani? Wengi ni wanaume, na wanaodarizi kofia wamo. Upande wa pili, wanaotanda uduvi kwa nguo ufukweni ni wanawake, na nyumba ya udongo ikikandikwa wanawake wamo kwenye tope mpaka viwikoni. Wazee wetu hawakuona sindano kuwa ulegevu. Na Mtume mwenyewe, kwa riwaya ya Bi Aisha, alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake, akihudumia nyumba yake.

Vifuu na sufi havimgeuzi mtoto. Anaigiza anayoyaona: anavyoona wengine wakilishwa ndivyo anavyomlisha mwanasesere.

MzeeBarabaraYaKumi

Marahaba. Hilo la pilau limeniingia. Ongeeni na watoto kwa upole tu, wasidhalilishwe.

MkonoWaDuka

Mie naongeza upande wa biashara. Ugawaji wa rangi, pinki kwa wa kike na buluu kwa wa kiume, si wa asili wala si wa zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Marekani yalikuwepo majarida ya biashara yaliyoshauri pinki iwe ya wavulana na buluu ya wasichana. Mwanasesere wa kijeshi wa wavulana alipoingizwa sokoni huko mwaka 1964, waliomtengeneza walikwepa kumwita mwanasesere wakamtungia jina jingine, ili akina baba wasisite kununua. Leo jimbo la California lina sheria, iliyoanza kutumika 2024, inayodai maduka makubwa yawe na sehemu ya vitu vya watoto isiyogawanywa kwa jinsia.

Tazameni hesabu: nyumba yenye wa kike na wa kiume, baiskeli ya pinki haiwezi kurithiwa na kaka, inanunuliwa mbili. Muuzaji anafurahi. Nunua nyekundu, njano au kijani, itapita watoto watatu.

Mkienda sokoni Mgandini au kwenye meza za barabarani, shika na kagua. Futa kwa kitambaa cheupe chenye maji mara kumi: rangi ikitoka, rudisha. Kama anayepewa ana chini ya miaka mitatu, chukua lile boksi la duara la ndani ya karatasi ya chooni. Chochote kinachopita humo kinaweza kumkaba. Vinavyolia na kuwaka tazama kifuniko cha betri, lazima kifungwe kwa skrubu. Betri ya kidonge ikimezwa inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2. Usisubiri atapike, kimbia hospitali. Sumaku mbili ndogo zikimezwa zinavutana huku utumbo ukiwa katikati na kuutoboa. Haya hayachagui jinsia.

BintiWaDuga

Mwalimu, na akikataa mwenyewe? Mtoto wa miaka mitano anasema "hicho cha wasichana, sitaki," na nyumbani hakuna aliyemfundisha.

MwalimuWaAwali

Hilo ni la umri wake. Karibu miaka mitatu mtoto anajua yeye ni wa kike au wa kiume, kisha kati ya mitatu na mitano anatafuta kanuni zake kwa ukali: nani anavaa nini, nani anacheza nini. Anaziokota mtaani, kwenye runinga, kwa wenzake, hata kwenye sanduku la midoli lenye picha ya watoto wa jinsia moja. (Toeni vitu kwenye masanduku yake kabla ya kuwapa, sanduku linaongea.) Kuanzia miaka sita saba ukali unaanza kupungua wenyewe, mradi hatukuutia saruji.

Akisema hivyo usibishane wala usimlazimishe. Jibu fupi lenye mfano anaoujua: "Mjomba anashona nguo. Sindano yake ya wasichana?" Kisha nyamaza, kaa chini uanze kukichezea wewe. Mtoto wa miaka mitano hapiti karibu na mtu mzima anayejenga nyumba bila kusogea. Baba akikaa kwenye vifuu na mama akishika gari inafanya kazi kuliko hotuba.

Walimu wenzangu, tuache kuita "wavulana njooni kwenye mpira, wasichana kwenye kamba." Ita kwa mkeka wanaokalia, au kwa mwezi wa kuzaliwa. Rede, mdako, gololi na tiara vizungukwe na wote kwa zamu. Mdako ni jicho na mkono kufanya kazi pamoja, mvulana anauhitaji kama yeyote. Na anayedhihaki asiachwe: "Hapa kila kitu ni cha kila mtu," basi, mchezo uendelee.

Kisheria pia tuko salama. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataja kucheza na kupumzika kuwa haki ya mtoto, na inakataza kumbagua kwa jinsia.

FundiSpoki

Gari hamjaligusa. Hili ni la bure, na wasichana walitengeneze wao, wasipewe lililokwisha.

Dumu la mafuta ya kula la lita 1, lililooshwa kwa sabuni na maji ya moto. Lililobeba dawa ya shamba hata ukioshaje usilitumie. Bati la kopo linakata vidole, liachie wakubwa. Magurudumu ni ndala zilizochakaa, miduara minne ya sentimita 5. Ekseli ni spoki za baiskeli, kila moja ikatwe sentimita 15. Toboa dumu sentimita 1.5 juu ya kitako, pande zote mbili, na upitishe ganda la kalamu ya wino iliyokwisha. Spoki izunguke ndani ya ganda, si ndani ya plastiki ya dumu. Kati ya dumu na gurudumu weka kiduara kidogo cha ndala chenye tundu, kama ile washa ya nati. Ncha ya spoki ikunjwe kwa koleo na ifunikwe kwa kipande cha mpira. Kutoboa na kukata ni kazi ya mtu mzima, kupima, kuchora na kupachika ni ya mtoto.

BintiWaDuga

Fundi, likivuta upande mmoja?

FundiSpoki

Ekseli mbili hazijaenda sambamba. Pima umbali kati ya spoki ya mbele na ya nyuma, kushoto kisha kulia. Upande wenye umbali mfupi ndiko linakovuta. Toboa upya tundu moja tu, usiguse mengine. Likiyumba juu chini, tundu la gurudumu haliko katikati: kunja mduara wa karatasi wa ukubwa ule ule mara mbili, mikunjo inapokutana ndiyo kati, weka juu ya ndala utoboe hapo. Mwache mtoto atafute mwenyewe kwanza, mpe rula.